Kutafakari Alfajiri, Kudai Madeni Mchana

Swali:

Mwalimu, habari za siku? Nina miaka 31, naishi Zimmerman na nafanya kazi katikati ya jiji, kwenye ofisi inayofuatilia watu waliokopa kwa simu wakachelewa kulipa. Tangu mwaka jana naamka saa kumi na nusu alfajiri, nakaa nusu saa nikifuata pumzi. Nikiinuka hapo niko shwari. Lakini ikifika saa nne asubuhi nimeshamfokea mtu, na jioni nafika nyumbani nimechoka hata kuongea siwezi. Je, niende ile kozi ya Kibuddha ya kukaa kimya siku kumi? Niache kazi? Au haya mambo ni ya watawa, sisi wa kupanda matatu tusijisumbue? Halafu mimi ni Mkatoliki, sijui kama kuna shida hapo.

Msomaji, Zimmerman

Jibu:

Dada yangu, umeniuliza maswali manne kwa mpigo. Nitaanza na lile la watawa, maana hilo likijibika mengine yanalegea.

Hotuba ya Buddha ambayo walimu wengi wa kutafakari huiegemea ni Satipatthana Sutta, ya 10 katika mkusanyiko wa hotuba zake uitwao Majjhima Nikaya. Ni kweli inaanza na mtu aliyekwenda msituni, akaketi chini ya mti, akakunja miguu, akanyosha mgongo na kuifuata pumzi yake. Wengi wakifika hapo wanafunga kitabu, wameshapata picha waliyoitaka. Wangeendelea kidogo wangekuta maelekezo ya aina nyingine kabisa: uwe macho unapokwenda mbele na unaporudi, unapotazama huku na huku, unapokunja mkono na kuunyosha, unapokula, unapokunywa, unapotafuna, unapokwenda haja kubwa na ndogo, unapolala na kuamka, unapozungumza na unaponyamaza. Unapozungumza, dada. Limo, tena jirani na choo.

Sikufichi kwamba waliokuwa wakihutubiwa ni watawa. Lakini ilikuwa katika mji wa watu wa Kuru, huko India ya kale, na wafafanuzi wa zamani wanausifia mji huo kwamba hata watumishi, hata wanawake waliokutana mahali pa kuteka maji, walikuwa wakiulizana, "Mwenzangu, wewe unafanya zoezi lipi?" Aliyejibu kwamba hafanyi lolote alisutwa. Na ukitaka mtu wa karibu na zama zetu, tena mtu wa ofisi ya pesa, yuko U Ba Khin (1899–1971) wa Burma, ambayo sasa ni Myanmar. Alikuwa Mhasibu Mkuu wa serikali baada ya nchi hiyo kupata uhuru mwaka 1948, akatenga chumba katika ofisi hiyohiyo ili yeye na wafanyakazi wake wapate mahali pa kutafakari. Mwanafunzi wake S. N. Goenka (1924–2013) alikuwa mfanyabiashara mwenye familia, na ndiye aliyezieneza duniani hizo kozi za siku kumi unazoziulizia. Njia hii imepita mikononi mwa watu waliokuwa na mafaili mezani na mishahara ya kulipa mwisho wa mwezi. Basi hilo la watawa tuliache.

Sasa tuje kwenye saa nne asubuhi.

Nikisoma barua yako naona unaitumia ile nusu saa ya alfajiri kama sindano ya ganzi. Unajidunga saa kumi na nusu, saa nne inaisha nguvu, jioni maumivu yote yanakurudia. Ndiyo maana wazo linalokujia ni la kuongeza dozi: nusu saa haitoshi, basi siku kumi. Mimi sidhani kilichopungua ni dozi. Utulivu wa alfajiri ni kitu kizuri na wala haukatazwi, lakini saa hiyo Zimmerman nzima imetulia, ukimtoa mwenye kibanda anayekaanga mandazi. Hakuna aliyekukera bado. Faida kubwa ya kukaa iko kwingine. Ukikaa unajizoeza kuona jambo likiwa ndiyo kwanza linaanza: goti limeuma, na hapohapo akili imeshaanza kulalamikia goti. Unaona kwamba ni mambo mawili. Alfajiri unayaona kwenye goti kwa sababu goti ni mwalimu mpole. Saa nne unapaswa kuyaona kwenye simu.

Kila kinachogusa sikio, jicho, mwili au akili huja na ladha yake: kinapendeza, kinakera, au hakiko huku wala huku. Wabuddha huiita vedana. Ladha hiyo haina kosa na huwezi kuizuia. Kinachofuata ndicho chenye kazi, kwa sababu kikipendeza tunakishika, kikikera tunakipiga teke, kisipokuwa hivi wala vile tunasinzia. Kuna hotuba ambamo Buddha anasema mtu asiyefunzwa akiguswa na maumivu huwa kama aliyepigwa mshale, kisha akapigwa wa pili. Wa kwanza ni maumivu yenyewe, wa pili ni kulia, kulalamika na kujipiga kifua. Aliyefunzwa naye hupigwa, hakuna anayeahidiwa kukwepa, ila hupigwa mmoja.

Hebu tuchukue simu moja tu. Saa tatu na dakika arobaini, hedifoni masikioni, skrini imekuletea jina la mama anayeuza mitumba. Deni ni shilingi 4,300, siku 47 zimepita. Anapokea, na nyuma yake unasikia makanga wakiita abiria. Anakwambia, "Nitalipa Ijumaa." Maneno hayohayo umeshayaandika kwenye rekodi yake mara mbili. Kabla hujafungua mdomo, kuna kitu kimeshatokea mwilini mwako. Huenda taya zimekaza, au joto limepanda shingoni, au pumzi imekwama juu kifuani. Huo ndio mshale wa kwanza. Halafu akili inaingia: huyu ananiona mjinga, msimamizi ataziona namba zangu, mwezi uliopita nilikosa bonasi kwa ajili ya watu kama huyu. Huo wa pili, wa tatu, wa nne. Sauti inatoka ikiwa imeshapanda, na wewe unashangaa imepandaje.

Zoezi lako ni taya. Nasema kweli. Ukilitambua joto la shingo lingali joto la shingo, sentensi inayofuata bado iko mikononi mwako. Huhitaji kufumba macho, wala kuvuta pumzi ndefu mpaka mdaiwa aulize kama bado uko hewani. Nyayo sakafuni, mgongo kwenye kiti, taya. Ni sekunde mbili, msimamizi hata hatajua. Siku nyingi utatambua ukiwa umeshafoka. Tambua hivyohivyo, kwa sababu ukiona leo kwamba umefoka, kesho utaona kwamba unafoka, na kuna siku utaona kwamba unataka kufoka. Usiharakishe hiyo safari.

Kama ningeruhusiwa kukupa maandiko mamoja tu ya kubandika kwenye meza yako, ningekupa maneno ambayo Buddha alimwambia mwanawe Rahula, ambaye mapokeo yanasema alikuwa mtoto wa miaka saba. Yako katika hotuba ya 61 ya mkusanyiko uleule wa Majjhima Nikaya. Buddha anaacha maji kidogo kwenye chombo, anamwonyesha mtoto, kisha anayamwaga na kukipindua chombo: ndivyo ulivyo mtupu utawa wa mtu asiyeona haya kusema uongo kwa makusudi. Kisha anamuuliza kioo ni cha nini. Cha kujitazamia, anajibu mtoto. Basi na wewe ujitazame mara tatu katika kila tendo, kila neno na kila wazo: kabla hujafanya, unapofanya, na ukishafanya. Je, hili litaniumiza mimi, litamuumiza mwenzangu, au litatuumiza sote wawili? Ukigundua baadaye kwamba neno ulilosema lilikuwa baya, umweleze mwalimu au rafiki mwenye busara, kisha ujizuie wakati mwingine. Angalia jinsi yanavyokaa kwenye kazi yako. Kabla hujabonyeza namba, una pumzi moja. Ukiwa kwenye laini, una taya. Ukishakata na kabla hujaandika rekodi, una pumzi nyingine ya kujiuliza umemwacha yule mama na nini. Nakuhakikishia hakuna ratiba ya kutafakari itakayokubaliana na siku yako kuliko hiyo, na hata haikuamshi mapema.

Hapo ndipo linapoingia swali la kuacha kazi, na hapa nitakaa kidogo.

Buddha alizitaja biashara tano ambazo mfuasi wa kawaida, asiye mtawa, asizifanye: silaha, viumbe hai, nyama, vileo na sumu. Kudai deni halimo. Wahenga wetu walisema dawa ya deni ni kulipa, naye asingewapinga, maana alipomweleza tajiri Anathapindika furaha nne za mtu wa kawaida mwenye familia, mojawapo ilikuwa ya kutodaiwa na mtu, si kidogo si kikubwa. Lakini kuna hotuba nyingine inayoyapanga mateso ya mdaiwa kama ngazi: umaskini, kukopa, riba, kukumbushwa deni, kuandamwa na wadai, mwisho kufungwa. Kukopa harusi, kulipa matanga. Kazi yako iko kwenye ngazi ya kukumbusha, na kila siku unasukumwa upande wa pili wa mstari, kwenye kuandama. Ukiniuliza mimi, tatizo lako lote liko kwenye mstari huo.

Jinsi ya kuujua umepita wapi, lipo jibu alilopewa mwanamfalme Abhaya kuhusu maneno ambayo Buddha husema na asiyoyasema. Neno la uongo halisemi, hata likipendeza. Neno la kweli lisilo na faida pia analiacha. Neno la kweli, lenye faida, lakini chungu kwa msikilizaji hulisema, akichagua wakati wake. "Deni lako ni 4,300, limepita siku 47, naweza kukugawia ulipe kwa awamu tatu" ni neno chungu na halina ubaya wowote. "Maafisa wetu wako njiani kuja kwenye kibanda chako", ilhali hakuna aliye njiani, ni uongo hata ukilisema kwa upole wa mtawa. Na kama ofisi inakutaka umpigie shemeji wa mdaiwa na pasta wake ili aaibike, hilo halina haja ya falsafa. Kanuni za watoa mikopo wa kidijitali za mwaka 2022, chini ya Benki Kuu ya Kenya, zimekataza vitisho, matusi, na kuwapigia watu walio kwenye simu ya mkopaji kwa nia ya kumfedhehesha.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: usiandike barua ya kujiuzulu mwezi huu. Kazi ya mshahara haiokotwi hapa Nairobi, na mwenye nyumba hapokei kodi kwa njia ya maarifa. Anza kwa kuuondoa uongo kinywani mwako, uongo tu, mengine yangoje, halafu utazame kama kazi inakuruhusu kubaki. Ikikuruhusu, umebaki na kazi halali iliyo ngumu, kama zilivyo kazi nyingi. Isipokuruhusu, umeshapata jibu lako, anza kutafuta pengine ukiwa bado unalipwa.

Ila nikuonye. Kutafakari kukifanyika sawasawa, ile sehemu mbaya ya kazi yako itazidi kuwa nzito. Utaanza kusikia sauti za watu. Kuna makampuni yanayopenda wafanyakazi wafundishwe kupumua ili wavumilie yasiyovumilika, na mimi sikufundishi utulivu ili upate kumtisha mama wa mitumba kwa sauti nyororo. Hata ule uchovu wako wa jioni sidhani ni wa koo peke yake. Katika vizuizi vitano vya akili vinavyotajwa na Wabuddha, kimoja ni mahangaiko yakichanganyika na majuto, na mtu aliyesema maneno ya kujutia mchana hubeba mzigo huo mpaka kwenye mkeka wake alfajiri. Ndiyo maana njia yenyewe imeweka mwenendo pamoja na kutafakari, hairuhusu mtu achukue kimoja aache kingine.

Kitu kingine kidogo. Ile hotuba fupi ya upendo, Karaniya Metta Sutta, inaviombea heri viumbe vyote, wanaoonekana na wasioonekana, wanaokaa karibu na wanaokaa mbali. Wewe kazi yako yote ni na watu wasioonekana wanaokaa mbali. Skrini ikikuletea jina, lisome lote, mpaka ukoo, kabla ya kusoma kiasi cha deni. Mtakie heri kimoyomoyo, kisha mdai. Hayo mawili hayagombani.

Matatu nayo tusiisahau, maana Thika Road inakuchukua muda mrefu kuliko mkeka wako. Wengi huniambia wanavaa vipokea sauti wasikilize mafundisho ili wasisikie muziki wa gari. Mimi ningekuomba siku moja moja uvitoe. Muziki unapiga kifuani, nauli imepanda ghafla kwa sababu mawingu yamefunga, jirani yako anaongea na simu kana kwamba anahutubia Uhuru Park: hapo una ladha zote tatu bila kulipia mwalimu. Tazama ipi inakera, na ukerekaji unakaa wapi mwilini, na unadumu kiasi gani usipouchochea. Ukishuka, tembea mpaka ofisini ukizijua nyayo zako. Macho wazi na mkoba ushike. Hakuna hotuba inayomtaka mtu afumbe macho Tom Mboya Street.

La Ukatoliki nitalipitia kwa haraka. Kufuata pumzi hakuna kiapo, hukani ubatizo wako kwa kujua kwamba unapumua. Lakini nisikudanganye kwamba ni kitu kilekile kwa majina tofauti: Ubuddha haufundishi kuhusu Mungu muumba, na lengo lake la mwisho halielezwi kama Kanisa lako linavyolieleza wokovu. Wapo mapadri waliotafakari pamoja na Wabuddha kwa miaka mingi na wapo wanaoonya dhidi yake. Zungumza na wako.

Tofauti hiyo utakutana nayo kwenye kozi ya siku kumi, kwa sababu huko utaombwa uweke kando sala, rozari na ibada nyingine kwa siku zote hizo. Ni vyema ulijue hilo ukiwa nyumbani, kabla ya kulikuta langoni. Utakabidhi simu. Utaamshwa saa kumi alfajiri, utakaa takriban saa kumi kwa siku, hutaongea na wenzako, na jioni, ukiwa mgeni wa kozi, utapewa matunda na chai. Ada hakuna, inaendeshwa kwa michango ya waliokwisha kumaliza kozi kabla yako. Ni kazi ngumu na wengi inawafaa. Ila mtu mwenye historia ya ugonjwa mkubwa wa akili, au anayepitia wakati ambao hata usingizi haupati, asikimbilie huko. Aonane kwanza na daktari au mshauri nasaha, na aseme ukweli kwenye fomu ya maombi. Kama kilicho karibu nawe kinakuvutia zaidi, Afrika Mashariki haijaanza jana: Dar es Salaam kuna hekalu la Kibuddha lililoanzishwa na watu wa Sri Lanka mwanzoni mwa karne ya 20, na huko Uganda mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita, alianzisha Uganda Buddhist Centre mwaka 2005.

Je, uende? Nenda, lakini si sasa. Ukienda leo utarudi na utulivu wa siku kumi, utaupeleka ofisini, na pengine utadumu wiki moja badala ya mpaka saa nne. Fanya kwanza zile pumzi mbili na taya kwa miezi mitatu, pamoja na kuacha uongo, halafu uende ukiwa na swali lako mwenyewe la kulifanyia kazi. Kozi pamoja na siku ya kufika na ya kuondoka ni siku 12 za kalenda, na sheria ya ajira inakupa likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka, kwa hiyo zinatosha na za Krismasi zinabaki. Omba mapema, na uchague tarehe zisizoangukia mwisho wa mwezi, maana watu wakishalipwa mishahara ofisi kama yako haimwachii mtu.